Kwa Baiskeli hadi kwa Mamangu

Siku ya tatu baada ya arobaini ya babangu, ami alikuja nyumbani kwetu Mambrui akisukuma baiskeli mbili, moja kwa kila mkono. Alizisimamisha ukutani, akakaa barazani, akakataa kahawa. Huyu alikuwa ndugu mdogo wa baba, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, na tangu utotoni nilimpenda kuliko nilivyompenda babangu mwenyewe. Alitazama vidole vyake vilivyoganda gundi, kisha akasema, "Jitengeneze. Twende kwa mamako."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nyumbani mwetu "mama" alikuwa bibi, mzaa baba, aliyenilea mpaka akafa. Yule aliyenizaa hakutajwa. Nilipokuwa mdogo nikiuliza niliambiwa yuko bara, juu ya mto, kwa watu wake. Nikiuliza mbona haji, bibi aliinuka akaenda jikoni. Basi nikajijibu mwenyewe, kama watoto wanavyojijibu: haji kwa sababu hataki. Nikakua na jibu hilo, likanizoea nami nikalizoea.

"Kwani yuko hai?" nikamwuliza ami.

"Mwezi uliopita alikuwa hai. Dereva wa lori la makaa alimwona kisimani, mbele ya Chakama."

"Basi dereva huyo si atuchukue?"

"Lori haliendi tena huko. Haliwezi kupata hata maji ya kutia kwenye injini." Akagonga tandiko la baiskeli iliyokuwa karibu naye. "Tutaenda kwa hizi."

Ulikuwa ule mwaka wa ukame mkubwa, katikati ya miaka ya themanini, watu walipokuwa wakila ugali wa mahindi ya manjano ya msaada na kulalamika kwamba hauna ladha. Pwani tulilalamika. Bara walikuwa wakifa ng'ombe, na baada ya ng'ombe hatukujua nani angefuata. Nadhani hilo ndilo lililomfanya ami asingoje mvua.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Kwenye keria yangu nilifunga unga, sukari, majani ya chai na doti moja ya leso niliyoichagua mwenyewe dukani, nikiona aibu kama mtu anayemnunulia mchumba. Ami alibeba maji, pampu, viraka na gundi. Tulipovuka daraja la Sabaki nilitazama chini. Mto huo huwa mpana, na rangi yake miaka yote ni ya chai ya maziwa. Asubuhi ile ulikuwa umejikunyata katikati ya mchanga.

Tulipita Malindi maduka yakifunguliwa, tukashika barabara ya bara. Lami iliisha upesi. Mpaka Kakuyuni tulikuwa bado chini ya mikorosho, na watu walitusalimu kutoka mashambani. Ami aliendesha mbele, mgongo umenyooka, akizungumza bila kugeuka, na nilishangaa jinsi alivyokuwa akizungumza siku ile, yeye ambaye dukani kwake mteja angeweza kukaa saa nzima bila kusikia sauti yake.

"Hii njia ni ya zamani kuliko Malindi unayoijua," alisema. "Misafara ya pembe ilipita hapa. Watu walitoka ndani kabisa, kule kwa ndovu, wakafuata mto kwa sababu ya maji, mpaka wakafika kwetu. Babu yake babu yangu alikuwa akinunua pembe hapo Mambrui. Akitoa nguo, shanga na waya wa shaba."

"Na waliobeba?"

"Waliobeba ni watu wa mamako. Babu yake alikuwa na kovu begani, la kubeba pembe. Mamako mwenyewe alinieleza."

Hiyo ilikuwa habari ya kwanza niliyowahi kupewa ya mamangu, kwamba babu yake alikuwa na kovu begani. Nilikanyaga pedali nikiirudia kichwani mpaka Jilore. Usiku tulilala Langobaya kwa rafiki ya ami, tukala mihogo, tukajaza maji, na mapema tukaendelea.

Kutoka hapo nchi ilibadilika. Kwenye ramani inaitwa nyika, lakini mwaka ule lilikuwa jangwa tu. Miti ilisimama bila jani hata moja, ya kijivu, na udongo mwekundu ulikuwa umepasuka vipande vinavyokunjika kingo kama mkate uliosahaulika juani. Mahali penye mchanga mwingi magurudumu yalizama tukashuka kusukuma. Mahali pakavu kulikuwa na miiba. Ndani ya saa tatu tulipata pancha nne. Ami alizibandika akiwa amechutama, jasho likimdondoka puani, na kila alipomaliza aliweka sikio kwenye tairi kama daktari.

Tulikutana na ng'ombe waliokufa. Wa kwanza nilimgeukia kumtazama, na wa kumi sikumgeukia tena. Tulikutana pia na wanawake wanne waliobeba madumu matupu, wakielekea mtoni, na mmoja wao alitusalimu kwa upole kama tuliokutana sokoni, akatuuliza kama huko tulikotoka kumenyesha. Ami akamwambia bado, mama. Akasema haya, Mungu yupo, wakapita.

Jua lilipokuwa utosini tulipumzika kwenye kivuli cha mti uliobaki na majani machache. Ami alikunywa maji funda moja, akakifunga kidumu, akakiweka kando.

"Kuna jambo sijakueleza," alisema. "Nalo ndilo lililonileta mpaka hapa."

Nikangoja.

"Mamako hakukuacha. Aliondolewa. Bibi yako hakumtaka tangu siku ya kwanza, alisema babako ameoa mtu wa porini. Babako alivumilia miaka minne, kisha akachoka. Akamwandikia talaka. Wakasema mtoto abaki kwetu, yeye arudi kwao. Wewe ulikuwa na miaka mitatu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyempeleka." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Kwa njia hii hii. Babako alinituma. Mamako alipanda kwenye keria yangu, na kitita cha nguo mapajani. Siku ya kwanza alilia mpaka Jilore. Siku ya pili hakulia tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tulipofika alinishika mkono. Akaniambia, shemeji, Idd niletee mwanangu nimwone, siku moja tu, nitamrudisha. Nikamwambia nitamleta. Nikaapa."

Nilimtazama. Ninakumbuka inzi mmoja alitua kwenye kope zake asimfukuze.

"Babako alikataa. Nikamwomba Idd ya kwanza, akakataa. Ya pili akaniambia nikilitaja tena nisikanyage kwake. Basi nikanyamaza."

"Miaka kumi na tisa?"

"Miaka kumi na tisa."

Nilisimama, nikaichukua baiskeli yangu, nikaondoka nikimwacha amekaa pale. Aliniita mara moja kwa jina langu. Sikugeuka. Nilikanyaga kwa hasira, nikalia kwa sauti, kwani hapakuwa na mtu wa kunisikia, na machozi yalikauka usoni kabla ya kufika kidevuni. Niliwaza mambo mengi mabaya. Niliwaza mkono ule ule ulionifundisha kuendesha baiskeli uwanjani Mambrui, ulionishika nyuma ya tandiko na kunikimbiza huku ami akiniambia tazama mbele. Kila Idd alikuwa akiniletea kofia mpya. Nikaelewa sasa zile kofia.

Sijui nilikwenda umbali gani. Tairi ya nyuma ililia pyuu, ikalala. Nilishuka nikaitazama, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba pampu, viraka na maji vyote viko kwake. Nikakaa chini kando ya njia. Hapakuwa na kivuli. Mbali kidogo kulikuwa na kinyesi kikavu cha ndovu, na zaidi ya hicho hapakuwa na dalili ya kiumbe.

Alifika baada ya muda mrefu, akisukuma. Alikuwa hana nguvu za kupanda. Alinipa kidumu kwanza, akangoja ninywe, kisha akaipindua baiskeli yangu, akatoa mpira wa ndani, akatafuta tundu kwa ulimi kwa sababu hatukuwa na maji ya kuupima. Nikamtazama akiusugua, akipaka gundi, akiupuliza upepo wa kinywa ukauke. Nilitaka kumsaidia kushika na sikuweza kuunyoosha mkono wangu. Alipomaliza kutia upepo aliweka sikio kwenye tairi.

"Imeshika," alisema.

Tukaenda. Yeye nyuma, mimi mbele, bila neno, mpaka Chakama.

Kesho yake, karibu na adhuhuri, mtu aliyekuwa akichunga mbuzi watatu alitupeleka hadi penye boma la miiba na nyumba mbili za udongo. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbegu za porini kwenye ungo. Alikuwa mwembamba, mrefu, nywele zimeanza mvi pembeni. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nikimwona nitamjua. Sikumjua. Ami ndiye aliyesimama ghafla akaishika baiskeli kwa mikono miwili.

"Hodi," alisema.

Yule mwanamke hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Sauti aliitambua kabla ya uso.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umechelewa."

Mamangu akainuka, akamtazama ami, kisha akanitazama mimi. Akanitazama kuanzia viatu hadi juu, taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu. Nilisema, "Shikamoo, mama," na sauti yangu ikatoka kama ya mgeni.

"Marahaba," akasema. Kisha akageuka upande wa nyumba ya pili, ambako wasichana wawili walikuwa wametoka kutuangalia, mmoja wa miaka kumi na minne hivi, mwingine mdogo zaidi, na nyuma yao mzee mmoja aliyetegemea fimbo, baba yao. Akawaambia, "Wageni wa pwani. Huyu alikuwa shemeji yangu nilipoolewa kule zamani. Na huyu ni mtoto wa nduguye."

Hakuwa amesema uongo. Babangu kweli alikuwa nduguye ami. Lakini nilihisi kama nimesukumwa nje ya mlango ambao sikuwa nimeuingia bado. Wale wasichana, ambao ni dada zangu, walinisalimu kwa heshima na kuiangalia baiskeli yangu.

Alitutandikia mkeka mpya aliouteremsha kutoka darini. Akaleta maji kwenye kata, nusu kata, na nikajua kwa jinsi wasichana walivyoyafuata kwa macho kwamba hayo yalikuwa yametoka mbali. Ami alikataa. Alisema, kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimekuja kuomba msamaha. Najua nilikuapia."

Mzee alikuwa amerudi ndani, na wasichana wamekwenda kufungua unga. Tulikuwa sisi watatu.

"Nilingoja Idd tatu," mamangu alisema. "Ya kwanza nilisuka nywele. Nikapika. Nikakaa njiani kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu sikupika, ila nilikaa njiani. Ya nne nikaolewa." Alisogeza kata mbele ya ami. "Mimi sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini maji kunywa, umetoka mbali."

Ami akanywa, akilia, na maji yakachanganyika na machozi akayanywa yote pamoja.

Nami nikamwuliza lile swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu utotoni, ingawa nilishajua jibu lake. "Kwa nini hukuja wewe?"

"Nilikuja," akasema. "Mara moja. Kwa miguu, siku tano, na ndugu yangu. Nikafika mpaka kisimani, pale nje ya mji wenu. Nikakuona ukitoka chuo cha Kurani na wenzio, umevaa kanzu nyeupe, msafi, umenenepa. Ulikuwa unacheka. Nikajitazama miguu yangu. Nikaona nikikuita nitakuharibia." Akaitazama tena miguu yake. "Nikarudi."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika. Alinyoosha mkono akanigusa, si usoni, bali kwenye ukosi wa shati, ambapo palikuwa na vumbi, akalipangusa kwa vidole viwili. Kisha wasichana wakarudi, akauondoa mkono.

Nilipompa leso alizifungua, akazisifu, akazikunja upya kufuata mikunjo yake ya dukani. Hakuzivaa mbele yetu. Tulilala siku moja. Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye njia, akatuombea safari njema kwa maneno yale yale anayoambiwa mgeni yeyote. Upepo wa kusi uliotusukuma mgongoni wakati wa kwenda ulitupiga usoni wakati wa kurudi, nasi tulitumia siku nne mpaka Mambrui. Njiani nilizungumza na ami tena. Nilimwuliza kama amechoka. Alisema hapana. Ilikuwa si kweli, lakini yalikuwa mazungumzo.

Mvua zilinyesha mwaka uliofuata. Nilirudi kwa mamangu mara tano kabla ya muongo ule kwisha, mara zote kwa baiskeli, mara zote peke yangu kwa sababu magoti ya ami yalikuwa yameharibika tangu safari ile. Nilimpelekea sukari, dawa za macho, samaki wa chumvi ambao aliniambia, akicheka kwa mara ya kwanza, kwamba ndio kitu pekee alichokikumbuka kwa hamu kutoka kwetu. Kila mara aliuteremsha mkeka ule mpya. Wasichana aliwatuma kuni, akawatuma maji, akawagombeza wakichelewa. Mimi hakunituma kamwe. Nikitaka kumsaidia kushika shoka, alisema, "Keti, mgeni hafanyi kazi." Ningetoa chochote anigombeze.

Habari ya kifo chake ililetwa Malindi na dereva, siku kumi na moja baada ya kuzikwa. Ilikuwa homa, akaugua siku chache tu. Nilikwenda. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limewekewa miiba ili fisi wasilifukue. Nilikaa hapo kwa muda. Dada yangu mkubwa, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, alikuja akasimama kando yangu.

"Kaka," aliniita hivyo kwa adabu, kama anavyoitwa mwanamume yeyote wa umri wangu, "siku zote nilitaka kukuuliza. Mtoto wa shemeji tu haji hivi, mara kwa mara, mbali hivi. Ulikuwa nani wake hasa?"

Nilifikiri kwamba mamangu alikuwa na sababu zake za kunyamaza, na kwamba sasa hayupo wa kuzilinda. Nikamwambia, "Alinizaa."

Alimshusha mtoto, akamweka chini, akamchukua tena. Akaenda ndani. Nilisikia akizungumza na mdogo wake kwa lugha yao, kwa muda mrefu, na sauti ya mdogo ikapanda ikashuka. Baadaye walitoka wote wawili na bakuli la uji, wakaketi nami karibu na kaburi, mmoja huku na mmoja huku, tukapokezana bakuli. Hatukuwa na utoto wa kukumbushana.

Niliporudi Mambrui nilimkuta ami kitandani. Hakuweza tena kutembea bila kushikwa. Nilimweleza, naye akaomba dua. Kisha akauliza, akiangalia dari, "Alisema lolote juu yangu? Katika hizi safari zako zote?"

Ingekuwa rahisi. Angetosheka na neno moja, na hapakuwa na mtu duniani wa kuja kulikanusha. Lakini wakati ule nilikuwa kijana na niliamini kwamba ukweli ni deni linalolipwa papo hapo, na pengine bado palikuwa na kipande cha hasira ndani yangu ambacho sikukijua.

"Hapana, ami," nilimwambia. "Hakusema."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimgeuzie ubavu wa pili, nikamgeuza, akaangalia ukuta. Alikufa kabla ya Ramadhani. Kwa watu nilisema alikuwa kama babangu, na hilo lilikuwa kweli, na ni miaka mingi sasa tangu nianze kutamani kwamba siku ile ningelimdanganya.